Nitamwitaje Torsten

Mtu asikudanganye kwamba baridi ndiyo iliyonitesa Stockholm. Baridi nilikutana nayo uwanja wa ndege, tukatazamana, nikaivalia soksi mbili na koti la kiume nililopewa na akina mama wa kanisa la jirani, na kufikia mwisho wa juma la kwanza tulikuwa tumezoeana. Ilinipata asubuhi moja tu. Nilifungua pazia nikakuta jua linawaka, jua la kweli, theluji inang'aa hadi macho yanauma, nikasema leo koti libaki. Sikufika hata kwenye kona. Nilirudi mbio meno yanagongana, mwenye nyumba wangu akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu jua la kule wakati wa Januari ni la kutazama tu. Zaidi ya hapo, na baridi sina ugomvi.

Kilichonitesa ni jina la mtu mmoja.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1971. Mimi, Agripina, binti wa Kamachumu, Bukoba, nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili katika maabara ya maji ya serikali pale Mwanza, nikachaguliwa kwenda Sweden kusomea upimaji wa maji ya visima. Nilikuwa msichana wa kwanza kupelekwa kutoka ofisini petu. Nyuma yangu alikuwa Winifrida, rafiki yangu, na wakubwa walisema wazi kwamba kama mimi ningefanya vizuri, mwaka unaofuata angekwenda yeye. Kama ningeboronga, hawakusema, lakini nani hakujua? Wangesema wasichana hawawezi, na habari ingeishia hapo.

Nilipanga chumba Vällingby, na kila asubuhi nilipanda treni ya chini ya ardhi hadi Odenplan, chuo kilipokuwa. Darasani tulikuwa sita. Wanne walitoka Asia, wa tano alikuwa Muriuki, Mkenya wa Nyeri mwenye maneno mengi, na wa sita mimi. Mwalimu alikuwa mmoja. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi.

Siku ya kwanza alisimama mbele yetu akasema kwa Kiingereza, "Mimi ni Torsten. Hapa hakuna daktari, hakuna profesa, hakuna bwana. Mtaniita Torsten nami nitawaita majina yenu." Alisema kwa furaha, kama mtu anayegawa peremende. Mara akaingia mama mfagizi na ufagio wake wa maji, akamwambia, "Torsten, miguu," na yule mzee akakaa juu ya meza, akainua miguu yote miwili juu, mama akapiga deki chini yake. Mimi nilitazama pembeni kwa aibu.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba Waswidi wenyewe walikuwa ndiyo kwanza wanavitupa vyeo vyao. Mwenye nyumba wangu aliniambia kwamba zamani hukuweza kuzungumza hata na karani wa posta bila kumtaja kwa cheo, na kama cheo chake hukijui, ulizunguka maneno mpaka ukachoka. Sasa wote wamekuwa majina matupu, mkubwa na mdogo, na wenyewe wanaona wamepumua. Haya, wapumue. Lakini mimi nilikulia nyumba ambayo bibi yangu aliishi na mumewe miaka na miaka bila jina lake kumtoka mdomoni. Mtu wa rika la baba yangu namwamkia kwa magoti. Leo nije nimpigie kelele "Torsten!" kama namwita mtoto atoke mtoni? Nilikuwa na shikamoo yangu mdomoni tangu uwanja wa ndege, na haikuwa na pa kwenda.

Ningeweza kuishi bila kumwita kabisa, kama si utaratibu wake wa kazi. Kila mwanafunzi alikuwa na meza yake, na kila hatua ya kipimo ilipaswa kuonwa na mwalimu kabla ya kuendelea. Ukikwama, unaita. Ukimaliza, unaita. Kutwa nzima chumba kilikuwa kinalia Torsten huku na Torsten kule. Tena alituambia mapema, kwa upole lakini alituambia, kwamba mwisho wa juma la pili angeamua. Anayefuata atabaki. Asiyefuata atarudishwa kwao na nafasi yake atapewa mwingine, kwa sababu mafunzo yanakimbia na hakuna wa kumbeba mwenzake.

Nami nilikwama kipimo cha kwanza kabisa. Tulikuwa tunapima ugumu wa maji. Mwanza tulipima kwa sabuni. Unatia maji chupani, unatia sabuni, unatikisa, unaangalia kama povu linasimama. Pale Stockholm walishaachana na sabuni. Unatia rangi, maji yanakuwa mekundu, halafu unadondosha dawa kutoka kwenye bomba jembamba la kioo, tone kwa tone, mpaka wekundu unageuka bluu. Ya wenzangu yaligeuka. Yangu yalifika rangi ya zambarau iliyopondeka, yakakaa hapo. Nikamwaga, nikaanza upya, yakawa zambarau tena. Palikuwa na kitu sikukijua, na wa kuniambia alikuwa hatua chache kutoka kwangu, ila ana jina lisilotamkika.

Basi nilifanya kama nilivyofunzwa nyumbani. Kwetu kijana akiwa na shida na mtu mzima hapayuki. Anakwenda, anasimama mlangoni, mikono mbele, macho chini, ananyamaza. Mzee akimwona, husema, "Karibu mwanangu, kuna nini?" Ndipo unasema. Torsten alikuwa na kijichumba chake pembeni mwa maabara, mlango wazi siku zote. Nikaenda nikasimama.

Aliinua macho akaniona. Hilo nina hakika nalo, aliniona vizuri. Uso wake ukabadilika, kisha akainamisha kichwa kwenye makaratasi yake kama mtu aliyeitwa humo ndani. Nikangoja. Miguu ikaanza kuuma. Hakuinua kichwa tena. Nikarudi mezani kwangu nikiwa nimeiva kwa hasira.

Kesho yake nikasimama tena. Safari hii aligeuza kiti akaangalia dirishani.

Muriuki alikuwa anaona yote. Wakati wa chakula aliniletea kahawa akakaa mbele yangu.

"Kwani wewe na huyu mzee mko na nini? Unasimama hapo kwa mlango kama askari wa geti."

"Namngoja aniulize."

"Akuulize nini? Hapa hakuna mtu atakuuliza kitu. Ukinyamaza, wanasema hiyo ni haki yako, wanakuwachia."

"Basi wana roho mbaya."

"Si roho mbaya, ni heshima yao hiyo. Wewe mwite tu. Torsten! Umeona? Mdomo haujaanguka."

"Na baba yako kule Nyeri unamwita jina?"

Alicheka. "Hiyo ni Nyeri. Dada, mimi siwezi kurudishwa nyumbani juu ya adabu."

Yeye hakuwa na shida. Alimwita Torsten mpaka bila sababu, kwa raha tu ya kumwita. Nami nikaamua nitaweza. Jioni nilisimama mbele ya kioo chumbani kwangu nikasema, "Torsten." Ikatoka. Nikasema tena kwa sauti, ikatoka. Asubuhi ndani ya treni nikaendelea kuinong'ona, mpaka mama aliyekaa karibu yangu akahamia kiti kingine. Nilifika maabara nimejaa ushujaa. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Torsten alikuja upesi kutoka upande wa pili, akaniwekea glasi ya maji na dawa ya kumung'unya, akanipa pole, akaondoka zake. Nilitamani ardhi inimeze. Muriuki alikuwa amejificha nyuma ya kabati anacheka.

Siku zikaenda hivyo. Wenzangu walikuwa kwenye kipimo cha chokaa, wakaja kipimo cha chuma, mimi bado nadondosha matone kwenye zambarau yangu. Usiseme sikujua kinachokuja. Nilijua. Nilikuwa najiona nashuka ndege Mwanza na koti langu mkononi, na Winifrida amekuja kunipokea, anajitahidi kutabasamu.

Alhamisi ya juma la pili, siku moja kabla ya uamuzi, nikaenda mlangoni mara ya mwisho. Nikasimama. Torsten aliweka kalamu chini, na uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni.

"Agripina," akasema, "nakuomba usisimame mlangoni pangu namna hiyo. Sitaki kuona mtu anasimama hivyo. Kama huna la kusema, rudi mezani kwako."

Kama sina la kusema! Mimi nina hasira za karibu, mama yangu alinionya nazo tangu nikiwa mdogo. Kiingereza changu, ambacho siku zote hizo kilikuwa kimejificha, kilitoka chote kwa mkupuo.

"Mimi ndiye sina la kusema? Tangu juma lililopita nasimama hapa! Kwetu hata kuku akichungulia mlangoni, atafukuzwa au atatupiwa punje. Mimi hukunifukuza wala hukunitupia punje. Unaniona, unainamisha kichwa. Mtu mzima na mvi zako! Mtoto wa mwenzio amesimama mlangoni kwako na wewe hata kumwuliza ana nini umeshindwa?"

Halafu nikalia. Sikupanga kulia, nilipanga kuendelea kusema, lakini machozi yalitangulia.

Torsten alisimama, akavuta kiti, akaniwekea. Akarudi kukaa. Alifuta miwani kwa shati lake kwa muda mrefu, na nilipoanza kufikiri kwamba amenisahau, akaanza kuzungumza.

"Baba yangu alikuwa kibarua wa kiwanda cha chuma," akasema. "Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kiwanda. Kuni zilikuwa za kiwanda. Paa likivuja, baba alikwenda kwa meneja, na hakuruhusiwa kusema mpaka aulizwe. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, macho chini. Siku moja alinichukua. Nilikuwa na miaka saba. Meneja alituona, akaendelea kusoma gazeti lake. Theluji ya viatu vya baba ikayeyuka, ikafanya dimbwi sakafuni, na baba akainama akalifuta kwa kofia yake ili asije akagombezwa."

"Niliapa kwamba siku nikiwa na mlango wangu mwenyewe, hakuna atakayesimama hivyo mbele yangu. Ndiyo maana naitwa Torsten, na mama anayepiga deki aniite Torsten. Halafu ukaja wewe. Ulisimama vilevile, mikono vilevile. Niliona aibu, nikashindwa kukutazama. Nikainamisha kichwa kwenye..."

Akakatiza. Akaangalia makaratasi yaliyokuwa mezani, kisha akaangalia pale mlangoni nilipokuwa nasimama.

"Nikakuacha umesimama," akasema polepole. "Nami nikakuacha umesimama."

Nilimwonea huruma mpaka hasira zote zikaniisha. Alikuwa amekuwa mdogo ghafla kwenye kile kiti chake. Nikafuta uso wangu, nikamwambia, "Sikiliza. Kwetu kusimama mlangoni siyo kofia mkononi. Mimi sikuogopi. Nikishasimama pale, nimemaliza yangu, sasa wewe ndiye unadaiwa. Mzee asiyemwuliza kijana aliyesimama mlangoni kwake, kijiji kizima kitamsema. Kwa hiyo aliyekuwa na shida pale ni wewe."

Alinitazama, akacheka kidogo, cheko la mtu asiye na hakika kama anaruhusiwa kucheka.

"Basi nilipe hilo deni langu," akasema. "Agripina, una shida gani?"

"Shida ya kwanza, siwezi kukuita Torsten. Wewe ni rika la baba yangu. Ya pili, maji yangu hayawi bluu."

"Ya pili ni ndogo. Lakini kesho lazima niamue, na siwezi kukupendelea wewe wenzako wakiona. Itabidi uniite kutoka mezani kwako, ndani ya darasa, kama wengine wote. Niite utakavyo, ila ukiniita bwana sitaitika. Hilo siwezi, Agripina. Kama wewe usivyoweza lako."

Ilikuwa haki. Kila mmoja wetu alikuwa na baba yake nyuma yake. Niliinuka, nikafika mlangoni, ndipo likanijia la kuuliza.

"Una watoto?"

"Mmoja. Gunilla. Ni nesi, anafanya kazi Södertälje. Kwa nini?"

"Nauliza tu," nikasema.

Ndani ya treni ya kurudi Vällingby sikunong'ona jina la mtu. Nilikaa nikajishangaa jinsi nilivyokuwa nimepita karibu na jambo hilo siku zote hizo bila kuliona. Baba yangu pale kijijini nani anamtaja jina? Yeye ni Baba Agripina, tangu siku niliyozaliwa, kwa rafiki na kwa adui. Na hilo si cheo. Hakuna ofisi inayokupa wala meneja wa kukunyang'anya.

Ijumaa nilianza kazi mapema. Nikatia rangi, maji yakawa mekundu. Nikadondosha dawa, yakawa zambarau. Nikadondosha tena, yakakaa palepale. Wenzangu walikuwa wananiangalia kwa yale macho ya kumwangalia msafiri. Hata Muriuki hakuwa na utani siku hiyo. Torsten alikuwa mbali, dirishani, anamsaidia mtu, mgongo kwangu. Nikaiweka chupa chini nisije nikaimwaga.

"Baba Gunilla!"

Sauti ilitoka kubwa, ya shambani, ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya migomba. Wenzangu wote wakageuka. Muriuki, ambaye peke yake alielewa, nusura aangushe bomba lake la kioo. Torsten hakugeuka mara moja. Kisha akageuka taratibu.

"Umesema nini kuhusu Gunilla?"

"Sisemi kuhusu Gunilla. Nakuita wewe. Kwetu mzazi anaitwa kwa mtoto wake. Baba yangu ni Baba Agripina. Wewe ni Baba Gunilla. Siyo cheo."

Alisimama akilipima lile jina. Nikaona midomo yake inalijaribu bila sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilijua akikataa, basi, sina jingine.

"Na mwanangu akisikia, atajua ni mimi naitwa?"

"Dunia nzima itajua."

Akavaa miwani. Akapita katikati ya meza zote, mbele ya wenzangu wote, akaja mpaka kwangu, akavuta kigoda akakaa.

"Nimeitwa, nimekuja," akasema. "Haya."

"Sielewi," nikasema. Nilikuwa sijawahi kusema neno hilo mbele za watu tangu nianze shule. "Sielewi hata kidogo. Tangu siku ya kwanza."

Hakushangaa, wala hakuna aliyecheka. Aliangalia chupa zangu moja moja, akachukua ya kahawia iliyokuwa imekaa nyuma, bado imefungwa. "Hii hukuitia. Bila hii rangi haigeuki." Akafungua. Ilikuwa na harufu ya kuliza mtu, sote wawili tukatoa machozi. Nikatia kidogo, nikaanza upya kudondosha. Tone, tone, tone. Wekundu ukatikisika, ukafifia, kisha yote kwa mara moja yakawa bluu, bluu safi kabisa. Nikapiga kigelegele. Nilisahau nilipo, nikakipiga chote mpaka mwisho, na mama mfagizi akafungua mlango kuona nani amekufa.

"Sasa mimi nitamwita nani?" Muriuki akanong'ona kutoka meza ya jirani. "Naonekana mtoto asiye na adabu peke yangu."

"Wewe mwite tu," nikamwambia. "Mdomo wako hautaanguka."

Torsten alikuwa bado amekaa kwenye kigoda. Aliangalia yale maji ya bluu, akaniangalia mimi.

"Kuna lingine usilolielewa?"

"Lipo," nikasema. "Yapo mengi sana, Baba Gunilla."

"Vizuri," akasema, akikunja mikono ya shati. "Jumatatu tutaanza na chokaa. Wewe umebaki nyuma, kwa hiyo uje mapema, nami nitakuja mapema."

Nilisema ndiyo, nikashika meza kwa mikono miwili, kwa sababu magoti yangu yalikuwa yanakunjika yenyewe kama mbele ya baba yangu, na sikutaka tena kumtia yule mzee aibu.